Usiku tembo walipopita chini ya dungu la mwanangu

Juni ni mwezi wa likizo kwa watoto wa shule. Kwetu Buhemba, wilayani Butiama, ndio mwezi ambao simu za ndugu huwa nyingi. Huyu anaomba mtoto akamsaidie kuvuna, yule anatafuta wa kuchunga mbuzi, bibi naye anataka wajukuu waje wamwone.

Mwaka ule simu ilitoka kwa mdogo wangu aliyeolewa upande wa Hunyari, wilayani Bunda, kule kunakopakana na mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti. Mume wake alikuwa Mwanza kwenye kibarua cha ujenzi. Mahindi yalikuwa yamekomaa lakini hayajakauka, kipindi ambacho huwezi kuvuna wala huwezi kuacha shamba peke yake.

"Dada, nisaidie kijana wako wiki mbili tu," aliniambia. "Akae dunguni na huyu wangu. Wakiwa wawili hawasinzii."

Dungu, kwa asiyelijua, ni kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo, ambamo mlinzi wa shamba hukaa ili aone mbali.

Nilikubali palepale. Mimi mwenyewe nimekua nikiamia ndege kwenye mtama wa baba. Tulikuwa tunaingia shambani alfajiri na madebe, tunapiga kelele hadi sauti zinakauka, ndipo tunakwenda shule. Kwangu kulinda shamba lilikuwa jambo la malezi. Kijana alikuwa na miaka 13, darasa la sita, ananizidi urefu. Nikamfungia nguo, nikampa tochi, nikampandisha bodaboda.

Sikumuuliza mdogo wangu kwamba hao watoto wanalinda shamba dhidi ya mnyama gani.

Simu ya saa 10 alfajiri

Siku ya nne simu yangu iliita saa 10 alfajiri. Alikuwa mwanangu, anazungumza kwa kunong'ona.

"Mama, wapo chini."

Nilidhani ni wezi. "Nani wapo chini?"

"Tembo. Wanakula. Mmoja anajikuna kwenye nguzo."

Nilisikia mabua yakivunjika kwenye simu. Nilisikia pia pumzi nzito, sijui ilikuwa ya tembo au ya mwanangu. Mdomo ulikuwa umeshafunguka kumwambia aruke akimbie. Kabla sijasema, binamu yake wa miaka 11 alimnyang'anya simu.

"Mama mkubwa, tunazima simu. Mwanga unaonekana."

Ikakatika.

Nilikaa kitandani nimeshika simu hadi kulipopambazuka. Leo najua kwamba kama ningewahi kusema "kimbia" na mwanangu akanitii, huenda nisingekuwa naandika makala haya. Mtoto wa darasa la nne alijua la kufanya, na mimi mzazi sikujua.

Mchana ulikuwa mbaya kuliko usiku

Niliondoka na bodaboda ya kwanza, nikapitia Nyamuswa, nikafika kwa mdogo wangu kama saa 3 asubuhi. Watoto walikuwa wazima. Nguzo moja ya dungu ilikuwa imeegama, imepakwa tope refu kuliko kimo changu. Robo ya shamba ilikuwa imelala chini.

Lakini sikuwakuta watoto nyumbani. Walikuwa na umati kando ya kichaka, mita chache kutoka korongoni. Tembo watatu, madume, hawakurudi porini kulipokucha. Walikuwa wamejificha kwenye kichaka hicho, na nusu ya kitongoji ilikuwa imewazunguka. Wanaume walikuwa na mawe na mapanga, mbwa wanabweka, vijana wameinua simu wanapiga picha. Mwanangu alikuwa mbele kabisa.

Nilimwita kwa jina lake lote. Aligeuka, na wakati anageuka tembo mmoja alitoka.

Alitoka kichwa kikiwa juu, masikio yamefunguka kama milango, akapiga ukelele ambao niliusikia tumboni kabla ya masikioni. Umati ulitawanyika. Mama mmoja alianguka na beseni lake, kijana mwingine akamkanyaga mkono. Tembo alikimbia hatua chache, akasimama, akarusha vumbi, akarudi kichakani. Ilikuwa onyo. Mimi nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye mihogo, nimemlalia mwanangu juu, bila kukumbuka nimefikaje pale.

Askari wanyamapori walikuja na gari, wakawaomba watu warudi nyuma na kuwaachia wanyama upande mmoja wazi. Wakapiga mabomu baridi. Tembo wakaondoka kuelekea porini polepole, kama watu waliomaliza shughuli yao.

Nikamwambia mdogo wangu kwamba naondoka na kijana saa ile ile. Hakunizuia. Alikuwa anaokota mahindi yaliyobaki kwenye mabua yaliyolala.

"Dada, wako unamchukua," alisema bila kuinua kichwa. "Wangu nimpeleke wapi?"

Sikuwa na jibu. Nikatua begi chini.

Kwa nini wanakuja

Jioni nilikaa na mzee, baba mkwe wa mdogo wangu, Mwikizu wa miaka mingi pale. Giza likishaingia yeye hatamki neno tembo. Husema "wageni". Alinikumbusha kuwa si mbali na pale, kwa Waikoma, kuna pembe za tembo ziitwazo Machaba zinazotunzwa kama kitu kitakatifu cha kabila zima. Watu wa ukanda huu walimheshimu mnyama huyu kabla ya kuwapo hifadhi yoyote.

"Lakini zamani tulikuwa tunamwona mara moja kwa miaka," alisema. "Sasa anakuja kama mpangaji."

Mzee hakukosea. Katikati ya miaka ya 1980 ujangili ulikuwa umewamaliza tembo wa upande wa Serengeti hadi wakabaki wapatao 500. Mwaka 1989 dunia ilipiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu, na katika miaka ya 1990 maeneo ya Ikorongo na Grumeti yakapandishwa hadhi kuwa mapori ya akiba. Tembo wakaanza kurudi na kuzaana. Hesabu ya kutumia ndege iliyofanyika mwaka 2014 ilikuta zaidi ya 7,500 katika ikolojia nzima ya Serengeti na Maasai Mara.

Nasi katika miaka hiyo hiyo tumeongezeka. Watoto wamekua, wamegawiwa mashamba, na mashamba yamesogea hadi ukingoni mwa pori. Palipokuwa na nyasi za kupita wanyama sasa pana mahindi, mtama, mihogo na maboga.

Kwa tembo, shamba la mahindi ni chakula kingi mahali pamoja. Tembo mkubwa anaweza kula kilo 150 na zaidi kwa siku. Porini itambidi atembee sana kuzipata, na akiingia shambani anazipata usiku mmoja. Mara nyingi wanaoingia mashambani ni madume. Dume huondoka kwenye familia ya mama yake akifika ujana, huzurura peke yake au na wenzake wachache, na ndiye mwenye kuthubutu. Majike wenye watoto huwa waangalifu zaidi, lakini ukimkuta jike mwenye ndama ndipo pabaya zaidi, maana amebeba mimba ile miezi 22 na hatakuachia umsogelee mwanawe.

Huku ndiko alikozaliwa Mwalimu Nyerere, aliyetoa tamko la Arusha mwezi Septemba 1961 kwamba wanyamapori ni amana ya Taifa. Sijakutana na mtu wa Butiama wala Bunda anayelipinga hilo. Swali la mdogo wangu lilikuwa jingine: amana hiyo ikilala shambani kwangu, zamu ya usiku ni ya nani?

Tembo anajua kuwa aliye dunguni ni mtoto

Hapa kuna jambo ambalo ningependa kila mzazi wa Mara alisome mara mbili.

Mwaka 2014 watafiti waliofanya kazi Hifadhi ya Amboseli, nchini Kenya, walichapisha matokeo ya jaribio la kuwasikilizisha tembo sauti za watu zilizorekodiwa. Waliposikia sauti ya mwanamume wa Kimaasai, tembo walijikusanya na kurudi nyuma, kwa sababu wanaume hao ndio ambao wakati mwingine huwachoma mikuki. Waliposikia sauti za wanawake wa Kimaasai na za watoto wao wa kiume, hawakuogopa kiasi hicho.

Maana yake ni kwamba tembo husikia tofauti kati ya sauti ya mtu anayeweza kumdhuru na ya asiyeweza. Mtoto wako akipiga debe na kupaza sauti dunguni, tembo anaweza kuwa amekwishajua kwamba pale hakuna mtu mzima.

Kwa hiyo tunapomweka mtoto kwenye zamu ya tembo, hatulindi mahindi na hatumlindi mtoto. Ndege wa mtama tuliowaamia sisi waliogopa debe. Tembo dume anafika tani sita, anakimbia kuliko mtu yeyote wa kijijini, na nguzo za dungu kwake ni kijiti cha kujikunia.

Kuna na hasara isiyoonekana usiku ule. Mtoto aliyekesha dunguni hulala darasani. Aliyezuiwa njiani na tembo huingia kipindi cha tatu, au harudi shule siku hiyo. Tena Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumfanyisha mtoto kazi za usiku. Wengi wetu tunadhani sheria hiyo inawahusu wenye migodi na mashamba makubwa, wala haituhusu sisi wenye ekari mbili.

Zamu za watu wazima

Kesho yake tulikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, mimi, mdogo wangu na mzee. Mashamba yanayopakana na lake ni matatu mengine, na kila nyumba ilikuwa inalinda kivyake. Kwenye madungu manne walikuwapo watoto watano, mama wawili na mzee mmoja mwenye kikohozi. Wanaume wengi walikuwa mjini au machimboni.

Tulichokubaliana kilikuwa kidogo. Watoto walale ndani. Watu wazima wa nyumba zote nne wapangwe zamu, watatu watatu kila usiku, wakae dungu moja lililo upande wa pori badala ya kutawanyika. Mwenye tochi kali aitoe. Asiye na mtu mzima wa kulinda achangie chai na kuni. Mdogo wangu aliingia zamu ya usiku mmoja kati ya mitatu, na mimi nikakaa wiki nzima nikamshikia ya kwake mara mbili. Kumbe ndicho nilichopaswa kufanya tangu aliponipigia simu: kwenda mwenyewe.

Wanaofanya kazi hii ya kuwarudisha tembo wanasisitiza hatua. Shirika la Honeyguide, ambalo limefundisha vijiji vya kaskazini mwa Tanzania, hutumia mpangilio huu: kwanza mwanga wa tochi kali, ikishindikana honi, ikishindikana pilipili ya unga inayolipuliwa kwa fataki ili ifanye wingu, na mwisho kabisa fataki ya juu. Yote hufanywa na watu wazima waliofunzwa, wakiwa kikundi, wakiwa wamemwachia tembo njia ya kutokea. Tembo akishtuliwa kwa jiwe au moto wa kurushiwa mwilini, usiku wa pili huja na hasira.

Pilipili inafanya kazi kwa sababu mkonga ni pua, na pua hiyo ni kali kuliko ya mbwa. Mbinu zake zilianza kujaribiwa Zimbabwe miaka ya 1990. Njia rahisi kwa nyumba zetu ni mbili. Ya kwanza ni uzio wa kamba ya katani yenye vitambaa, vyote vimepakwa oili chafu iliyochanganywa na pilipili kichaa iliyosagwa. Mvua ikinyesha unapaka upya. Ya pili ni kuchanganya pilipili na kinyesi cha ng'ombe, kufyatua matofali, kuyakausha na kuyachoma yatoe moshi upande ambao upepo unaelekea porini.

Nyuki nao wanasaidia. Huko Sagalla, karibu na Voi nchini Kenya, wakulima walizungusha mizinga iliyounganishwa kwa waya kuzunguka mashamba. Tembo akigusa waya, mizinga inayumba na nyuki wanatoka. Utafiti wa miaka tisa uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kuwa wakati mazao yamestawi, uzio huo uliwarudisha hadi asilimia 86 ya tembo waliousogelea. Mwenye shamba anabaki na asali ya kuuza. Tatizo lake ni ukame, kwa sababu nyuki wanahama mizinga ikikosa maua na maji.

Teknolojia mpya zipo pia. Pembezoni mwa hifadhi za Tarangire na Serengeti zilijaribiwa ndege nyuki, zile ndogo zinazoruka bila rubani, na tembo wakazikimbia. Wapo pia tembo wanaofungwa visukuma mawimbi shingoni ili askari waone kwenye ramani kundi linapokaribia kijiji. Hivyo ni vya askari na mashirika. Nyumba ya kawaida itaanza na kamba, pilipili na jirani.

Jambo la mwisho ni kuchagua cha kupanda. Pilipili, ufuta na alizeti haziwavutii tembo kama mahindi, mtama na maboga. Ukiviweka upande wa pori na mahindi ukayaweka karibu na nyumba, umepunguza kishawishi.

Kifuta jasho

Wengi hawadai kwa sababu hawajui utaratibu, au wanajua wakakata tamaa. Serikali haiiti malipo haya fidia. Huyaita kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa mtu aliyejeruhiwa au kufariki. Kanuni zilizotoka mwaka 2011 ziliweka kati ya Sh25,000 na Sh100,000 kwa ekari moja kulingana na umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi, mwisho ekari tano. Kwa kanuni hizo, shamba lililo ndani ya mita 500 kutoka mpakani lilikuwa halilipwi. Kwa kifo ziliweka Sh1 milioni. Viwango hufanyiwa marekebisho, kwa hiyo uliza ofisi ya wanyamapori ya halmashauri yako kilichopo sasa.

Ekari ya mdogo wangu humpa magunia manane mwaka ukiwa mzuri. Kwa bei ya mwaka ule, kiwango cha juu kabisa cha zamani kisingenunua magunia mawili. Hata hivyo nilimshauri ajaze fomu, kwa sababu tukio lisiloandikwa ni kama halikutokea, na askari hupangwa kulingana na matukio yaliyoandikwa.

Ukipata hasara, toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji siku hiyo hiyo. Usivune wala kulima upya kabla ofisa hajafika kupima. Piga picha za nyayo, kinyesi na mabua yaliyolala, tembo wakishaondoka.

Mfundishe mtoto haya

Mzee alimkalisha mwanangu na binamu yake jioni moja akawafundisha. Niliyaandika, nikayalinganisha na yale ambayo askari wanyamapori walituambia. Wasomee wanao, hata kama unaishi mbali na pori, maana likizo inakuja.

Ukimwona tembo kwa mbali, rudi ulikotoka. Usisogee ili uone vizuri.

Simu iwe mfukoni. Picha ya tembo ipigwe na mtalii aliye ndani ya gari.

Usirushe jiwe, usipige mluzi, usimkaribie hata kama watu wazima wanafanya hivyo. Umati ukiwa umemzunguka tembo mchana, wewe nenda nyumbani.

Usiende na mbwa. Mbwa atambwekea tembo, kisha atakimbilia kwako na tembo yuko nyuma yake.

Ukiona ndama, jua mama yake yupo karibu hata kama humwoni. Kamwe usiwe kati yao.

Tembo akifungua masikio, akainua kichwa na kupiga kelele, mara nyingi anakuonya. Rudi nyuma taratibu huku unamtazama, ukielekea upande ambao upepo haumpelekei harufu yako. Akikunja mkonga, akalaza masikio na kuja kimya, hapo kimbia, ukiweka kitu kikubwa kati yako na yeye: nyumba, mti mnene, mwamba, korongo. Mtupie begi au kofia, anaweza kusimama kuvinusa.

Ukiwa ndani ya nyumba na unamsikia nje, baki ndani, nyamaza, zima taa. Usifungue mlango kumulika.

Njia ya shule ni kwa kundi, jua likiwa limetoka, na mtu mzima atangulie kwenye sehemu yenye kichaka. Akikuta nyayo mpya au kinyesi kinachotoa mvuke, mrudi wote. Kuchelewa shule si kosa siku hiyo, na mwalimu aelezwe hivyo mapema.

Na sisi wazazi tuna yetu. Magunia yasihifadhiwe chumba wanacholala watoto, kwa sababu tembo akinusa nafaka anaweza kuvunja ukuta. Anayepika pombe ya kienyeji ajue kwamba harufu yake inafika porini. Baba anayerudi kilabuni saa 5 usiku peke yake, bila tochi, yumo hatarini kuliko mtoto aliyelala.

Tulipofikia

Sitaki kumdanganya msomaji kwamba zamu ziliwamaliza tembo. Walikuja mara mbili tena wiki ile. Usiku mmoja walirudishwa na tochi na honi. Usiku wa pili waliingia shamba la jirani upande usio na dungu, wakala hadi alfajiri, na sisi tukawatazama tu. Mdogo wangu alivuna magunia matano badala ya manane. Jirani alivuna mawili.

Hakuna mtoto aliyeumia, na hilo ndilo tulilokubaliana kulihesabu kwanza.

Mwaka uliofuata alipanda ufuta upande wa pori, na mwanamume mmoja wa kitongoji akaweka mizinga sita. Mume wake sasa hurudi kutoka Mwanza mwezi Juni, anakosa kibarua cha wiki tatu ili awepo kwenye zamu. Ni gharama, na wameikubali.

Mwanangu alirudi Buhemba na hadithi. Shuleni anaisimulia kwamba hakuogopa hata kidogo, na kila akiisimulia tembo wanaongezeka. Simkatizi. Usiku wa kwanza aliporudi alikuja kulala sakafuni chumbani kwangu, akasema chumba chake kina mbu.

Likizo iliyofuata simu iliita tena. "Dada, mlete kijana, mwenzake anamuulizia."

"Atalala wapi?" nilimuuliza.

Akacheka. "Ndani, dada. Kitandani."

Nikaanza kumfungia nguo.